Kabla ya Kuifunga Pikapu Vyuma, Ipeleke Kwenye Mizani

Juma hili nimeiweka kando mada niliyokuwa nimeitayarisha ili nimjibu msomaji mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi. Bwana huyu ni baba wa watoto watatu. Anasema amenunua pikapu ya kebini mbili, ambayo siku za kazi huitumia kuwapelekea wateja mabati na saruji. Watoto watafunga shule karibuni, naye ameshawaahidi kwamba safari hii hawataenda kukaa kwa nyanya yao wakitazama televisheni. Atawapeleka hadi Ziwa Turkana, wakilala nje njiani.

Basi akaenda kwa fundi kuuliza gari litayarishwe vipi. Fundi akachukua kalamu akamwandikia: ngao ya chuma ya mbele, winchi, kanopi ya chuma, keria juu yake, hema la kulalia juu ya gari, betri ya pili, friji na taa sita. "Pesa zangu haziwezi kununua vyote," ananiandikia, "tafadhali nieleze nianze na kipi."

Niliisoma orodha hiyo mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka, kwa maana orodha hiyo naijua mno. Mwaka wa 2018 niliinunua yote, isipokuwa zile taa.

Wakati huo nilikuwa kama mtu aliyeoa upya. Kila Jumamosi nilikuwa kwa mafundi, mara Kirinyaga Road kutafuta skrubu, mara Industrial Area kuchomelea keria. Majirani walikuja kuitazama pikapu yangu wakaizunguka wakitikisa vichwa kwa mshangao. Mama watoto peke yake ndiye aliyeuliza swali la maana. Alisimama nyuma ya gari, akalitazama lilivyoinama, akasema, "Baba, mbona limekaa kama mbwa aliyechoka, na bado hatujaingia?"

Nilimwambia hayo ni mambo ya wanaume. Lakini maneno yake yaliniingia, na usiku wa kuamkia safari nikaamua kupunguza uzito. Unajua nilipunguza nini? Maji. Nilikuwa nimepanga kubeba mitungi mitano ya lita 20. Nikaacha miwili gerejini, nikijiambia kwamba maji yanapatikana kila mahali penye watu.

Tulikuwa watano: mimi, mama watoto, shemeji yangu na watoto wawili. Hadi Marsabit hatukuwa na neno la kulalamikia, kwani siku hizi ni lami tupu kutoka Nairobi. Kutoka Marsabit tulishuka kuelekea Maikona, tukaikata Chalbi ikiwa kavu na nyeupe kama unga, tukalala Kalacha penye chemchemi na mikoma. Watoto walifurahi kupita kiasi. Kesho yake tukapita North Horr, tukashika njia ya Loiyangalani. Kwanza ni mchanga na malaga, yaani ile mito mikavu, kisha mawe meusi ya volkeno yanaanza.

Alasiri, tukipanda kutoka katika laga moja, tulisikia mlio kama wa bunduki. Nyuma ya gari upande wa kushoto ukalala chini. Bamba kuu la springi lilikuwa limekatika vipande viwili.

Nilipofungua nyuma kutafuta vifaa, nikapata jambo baya kuliko springi. Pembe ya sanduku la bati ilikuwa imeusugua mtungi mmoja wa maji kutwa nzima mpaka ukatoboka, na maji yote yalikuwa yamemwagika njiani bila sisi kujua. Mwingine tulikuwa tumeumaliza. Ukabaki mmoja, nao haukujaa. Jua kali, upepo kama wa tanuri, watu watano, na gari halisogei.

Baada ya saa moja hivi alitokea mzee mmoja Mgabbra, yuko na ngamia wake na wavulana wawili. Alitusalimu, akalizunguka gari, akaichungulia springi, akasikitika nasi. Kisha akatoa kijimtungi kidogo cha plastiki akaomba maji ya wale wavulana. Katika nchi ile, msomaji, mwenye gari haombwi pesa kwanza. Huombwa maji, na si desturi kumnyima mtu.

Nilisimama pale nikipiga hesabu kichwani. Nyuma yangu friji ilikuwa ikinguruma, imejaa soda na soseji. Nilikuwa na kamba ya winchi ya mita nyingi na hapakuwa na mti hata mmoja wa kuifungia. Nilikuwa na kila kitu, ila maji ya kumpa mtoto wa mwenzangu. Mama watoto hakupiga hesabu yoyote. Aliuchukua ule mtungi akaujaza, akawapa wale vijana na soda moja moja. Mzee akatuambia kwa Kiswahili cha kukatakata kwamba lori lingepita asubuhi, tusiliache gari na kuanza kutembea. Ushauri huo ulituokoa, maana shemeji alikuwa ameshafunga viatu.

Hata lile hema la fahari la juu ya gari halikutufaa usiku huo. Gari lilikuwa limeegemea upande mmoja na upepo ulikuwa mkali, tukahofu kwamba watu wakipanda litapinduka. Tulilala chini juu ya turubai, tukijikinga nyuma ya mawe. Mtoto mdogo alipoomba maji saa nane za usiku, nilimpa kifuniko cha chupa. Aliyanywa, akanirudishia kifuniko, akangoja. Sikumwongeza.

Lori lilikuja kweli. Utingo wake, kijana ambaye hakuwa na kifaa zaidi ya panga na nyundo, alikata kipande cha mti, akakiweka chini ya springi, akakizungushia mipira ya tyubu kuukuu akaikaza mpaka ikawa ngumu kama chuma. Dereva akaniuliza, "Mzee, gari hili lilibeba nini?" Nikaona haya kumjibu. Tulikwenda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka hadi Loiyangalani.

Niliporudi Nairobi nilifanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo. Nilikitafuta kile kibati cha kiwanda kinachobandikwa kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti, kinachoeleza uzito ambao gari halipaswi kuuzidi likiwa na kila kitu ndani yake. Nikatoa uzito wa gari tupu. Kilichobaki kilikuwa kilo 870. Hizo ndizo kilo za gari langu. Lako litakuwa na hesabu yake, na pikapu nyingi za aina hii huwa kati ya kilo 700 na tani moja.

Sasa chukua kalamu, bwana wa Buruburu, uhesabu pamoja nami. Sisi watu watano tulikuwa kilo 310. Watu wengi husahau kwamba abiria ni mzigo pia. Zikabaki 560. Kanopi ya chuma 110, keria 45, hema la juu 65, ngao ya mbele 55, winchi 40. Hizo ni 315, zikabaki 245. Dizeli ya akiba, mitungi miwili ya lita 20 pamoja na madebe yake, kilo 40. Betri ya pili na friji iliyojaa, kilo 70. Zikabaki 135. Halafu gurudumu la pili la akiba, vifaa vya fundi, sufuria, mtungi wa gesi, viti, magodoro, chakula na nguo, ambavyo havikupungua kilo 200.

Umeona? Tulikuwa tumezidisha kilo 65 kabla ya kutia tone moja la maji. Na lita moja ya maji ni kilo moja, haina punguzo. Mimi niliyatupa maji kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa rahisi kutupa. Keria ilikuwa imechomelewa.

Tena si uzito wote tu, ni mahali unapokaa. Itazame pikapu ya kebini mbili kutoka ubavuni. Kwa sababu kebini ni ndefu, sehemu kubwa ya karai la mizigo imekaa nyuma ya ekseli. Ukipakia mzigo mzito mlangoni, yaani mwisho kabisa, ni kama mtoto mnene aliyekaa ncha ya mbao ya pembea: nyuma inashuka, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele hazishiki sawasawa. Katika barabara ya mawe, mzigo huo huruka na kushuka mara elfu kwa siku. Springi zikikataa kukatika, chesisi yenyewe inaweza kupinda nyuma ya kebini, na hapo hakuna utingo wa kukusaidia. Mafundi wengine watakuambia uongeze mabamba ya springi au mifuko ya upepo. Hivyo huinua gari likapendeza, lakini kile kibati mlangoni hakibadiliki. Chesisi ni ileile, ekseli ni ileile, breki ni zilezile.

Kwa hivyo, bwana, jibu langu kwa swali lako ni kwamba usianze na chochote katika orodha ile. Pakia gari kama unayekwenda safari, watu wote ndani, ulipeleke kwenye mizani ya malori. Wenye vinu vya unga na wauzaji wa vyuma chakavu wanayo, na ukiwaomba kwa adabu watakupimia kwa ada ndogo. Pima gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake. Kibati cha gari aghalabu huonyesha pia kiasi ambacho ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba.

Pesa za kwanza zipeleke chini ya gari. Springi za mabamba zikaguliwe bamba kwa bamba, na vipira vyake pia. Shokomzoba zinazovuja zibadilishwe. Mipira ya radieta na mkanda wa injini vitazamwe, na vya akiba vinunuliwe. Gari lililobeba saruji mwaka mzima limechoka hata kama halijasema.

Kisha magurudumu. Hapa ndipo ningekaa nawe kutwa nzima kama ukurasa ungeruhusu. Usidanganywe na matairi mapana yenye meno makubwa ya kutisha, ambayo hula mafuta na kupiga kelele njia nzima. Tafuta tairi imara la kati, la lami na la mawe, lenye uwezo wa kubeba uzito wako, na la akiba liwe sawa na mengine. Halafu nunua vitu viwili vidogo ambavyo nilivipuuza: kipimo cha upepo na pampu inayotumia umeme wa betri ya gari. Tairi linalotaka paundi 35 kwenye lami, ukifika kwenye mchanga mlaini lishushe hadi paundi 20 hivi. Litatanuka chini kama mguu wa ngamia, nawe utapita pale ambapo mwenye winchi amezama. Kwenye mawe, paundi 26 au 28 huliepusha gari na mishtuko mingi. Ila ukishapunguza upepo punguza na mwendo, usikate kona kwa ghafla, na usirudi kwenye lami kabla ya kuujaza tena. Tairi laini likikimbizwa kwenye lami huchemka na kupasuka.

Ukikwama, koleo hushinda nguvu. Beba koleo, vipande viwili vya mbao ngumu au vile vibao vya plastiki vya kuweka chini ya gurudumu, jeki nzuri na ubao mpana wa kuikalisha isizame. Beba pia mkanda wa kuvutia unaonyumbuka. Usikubali kuvutwa kwa mnyororo. Na katu mkanda usifungwe kwenye kile kirungu cha kuvutia trela: kikikatika huruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo katika nchi mbalimbali. Watoto wakati huo wawe mbali, mbali zaidi ya urefu wa mkanda wenyewe.

Maji ndiyo hupakiwa kwanza, si mwisho. Katika joto la kule kadiria lita 5 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, kisha ongeza za siku mbili za kukwama, kisha ongeza mtungi mmoja wa wenyeji utakaokutana nao. Huo wa mwisho si sadaka, ni sehemu ya nauli. Tumia mitungi kadhaa badala ya tangi moja ili mmoja ukitoboka usipoteze yote. Ifunge mbele kabisa, imegusana na ukuta wa kebini, na uizungushie vipande vya tairi kuukuu. Chochote chenye pembe kikae mbali nayo.

Kuhusu masanduku, usinunue yale ya plastiki ya bei ya kukutoa roho. Nenda Kamukunji. Sisi siku hizi tunatumia sanduku la bati ambalo kifungua mimba wetu alikwenda nalo Kidato cha Kwanza, pamoja na mawili niliyochongewa kwa kipimo changu yakaingia sawasawa kati ya matao ya magurudumu. Moja la jikoni, moja la chakula, moja la vifaa. Nimefunga pete nne za bolti kwenye sakafu ya karai na mikanda ya kukazia, na juu yake turubai. Basi. Jumapili jioni masanduku hushushwa kwa nusu saa, na Jumatatu pikapu hurudi kazini kutafuta karo. Wewe ambaye gari lako ndilo linalolisha nyumba, kitu kisichoweza kutolewa kwa nusu saa usikifunge.

Kanopi si mbaya, hasa ya mvua na ya vidole vya watu mjini. Ukiitaka, chagua nyepesi. Lakini nina neno moja hapa ambalo naomba ulikate ulibandike ukutani. Zipo jamaa zinazolala ndani ya kanopi, na usiku wa baridi kule Aberdare huingiza jiko la makaa ndani wapate joto. Msithubutu. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu huona usingizi tu, haamki. Jiko likae nje hata likiwa limebaki majivu mekundu. Vilevile petroli ya akiba isibebwe ndani ya kebini na watu, wala abiria wasipandishwe juu ya mizigo.

Hema, nunua la kusimika chini. Hema la juu lina utamu wake, sikatai; watoto hujiona kama ndege kiotani. Lakini uzito ulio juu hulifanya gari kuyumba kwenye kona, na ukitaka kwenda kununua mkate asubuhi huna budi kuikunja nyumba yako kwanza. Langu nililiuza. Kwa pesa zake nilinunua matairi manne na pampu, na chenji ikabaki. Friji nayo nilimpa shemeji, ambaye huitumia kwenye duka lake. Betri ya pili haikuwa na kazi tena.

Winchi, taa sita, na lile bomba refu la kuvuta hewa linalopanda hadi paani, sina la kusema. Nawaona vijana wengi wakiwa navyo kwenye foleni ya Thika Road, na sijui huko wanavuka mto gani.

Mwisho, kuhusu Turkana yenyewe. Ikiwa unataka kwenda Desemba, kumbuka kwamba mvua za Novemba huenda zimeilowesha Chalbi. Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale. Ikinyesha hugeuka tope, na hata baada ya jua kurudi juu hukauka ikawa kama mkate huku chini bado ni uji. Gari hupasua ule ukoko likakaa juu ya tumbo lake. Njia iliyo rahisi zaidi wakati huo ni ya Laisamis, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kupitisha mitambo ya umeme wa upepo ya karibu na ziwa. Uliza hali ya njia na ya usalama kwa polisi na kwa madereva wa malori kabla ya kila hatua, na usiende gari moja peke yako kama nilivyofanya mimi.

Lakini kabla ya hayo yote, wapeleke watoto Olorgesailie, katika barabara ya Magadi, mkalale usiku mmoja. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mjini. Kuna joto na vumbi, na watoto wataona zana za mawe za watu wa kale. Siku hiyo utajua ni sanduku gani linalopiga kelele, ni mtungi upi unaovuja, na ni vitu vingapi mlivyobeba ambavyo hakuna aliyevigusa. Hivyo usivibebe tena.

Ukitoka kwenye mizani niandikie hesabu yako. Juma lijalo nitarudi kwenye mada niliyowaahidi, ya chakula cha watoto wanaorudi kutoka shule za bweni wakiwa wamekonda.